Orodha ya Watano

Somo: Yohana 4:5-30

Vijana waliniuliza kama Mkristo anaweza kutazama sinema ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo High Fidelity, nikaitazama kwanza mwenyewe. Ina matusi, msiwawekee watoto. Lakini ilinihubiria.

Rob anauza sahani za santuri mjini Chicago. Laura amemwacha, basi anapanga orodha ya wanawake watano waliomvunja moyo zaidi maishani, halafu anaanza kuwatafuta awaulize: kwa nini mliniacha? Anampata Penny. Miaka yote amejihesabu kuwa Penny ndiye alimkataa. Penny anamwambia wazi: ni wewe uliyeniacha, na niliumia sana. Anaondoka kwa hasira. Na Rob? Anafurahi! Kumbe hakukataliwa. Machozi ya mwenzake hayakumfikia kabisa.

Sasa njoo kisimani Sikari. Huyu mama naye ana watano, na wa sita si mume wake. Wahubiri wengi tumemwita kahaba, ilhali Biblia haisemi kama alifiwa au alipewa talaka. Mimi naangalia alichokisema mjini baada ya kuacha mtungi wake. Aliwaambia watu habari za mtu aliyemweleza mambo aliyoyatenda yeye. Aliyoyatenda, si aliyotendewa! Orodha ya Rob ni ya aliyotendewa tu.

Ninapokaa na wanaotaka kufunga ndoa huwa nauliza habari za waliotangulia. Nasikia: yule alikuwa mlevi, yule mamake alinichukia, yule alikula pesa yangu. Sawa. Halafu nauliza, na yeye angeketi kwa hiki kiti, angesema nini juu yako? Hapo ndipo watu huanza kuangalia viatu.

Dada uliyepigwa ukatoroka na maisha yako, sisemi nawe. Usijitafutie lawama, na usirudi kumtafuta mtu huyo. Wala simtumi mtu yeyote kupigia mke wa wenyewe simu saa nne usiku ati anatubu. Huo ni ujanja, na shetani anaujua.

Nasema na ndugu aliyemwacha msichana na mimba, akaokoka, akaoa, na leo anaimba kwaya. Huyo mtoto yuko shule. Mpigie mamake mchana, mkeo akisikia, umwulize karo ya muhula huu ni ngapi.