Mgeni Ajaye na Nyumba Yake

Walimu wenzetu, swali tunalolileta leo halikuzaliwa darasani. Lilitufikia ndani ya barua, kutoka kwa mume na mke wa Kiholanzi waliopata kufundisha sayansi pamoja nasi huku milimani Kigezi, wakajifunza Kiswahili kwetu, nao hata leo, baada ya kustaafu, hutuandikia kwa lugha hiyo. Kiswahili chao kimeanza kupauka kama nguo iliyoanikwa mno juani, lakini kingali chavalika. Walikuwa wametoka Nyuzilandi, ambako walizunguka Kisiwa cha Kusini kwa majuma matatu katika gari ambalo nyuma yake ni nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji safi, tangi la maji machafu, na choo. Kurasa nne za barua zilikuwa za milima. Ukurasa wa tano ulikuwa na kisa kifupi, na chini yake swali moja: "Je, sisi tulikuwa wageni wa nani?"

Milima yenyewe yastahili kusemwa kwanza. Kutoka mji wa Christchurch walivuka nchi tambarare hadi ziwa Tekapo, ambalo maji yake yana rangi ya maziwa yaliyotiwa buluu, kwa sababu barafu ya juu husaga mawe yakawa unga, na unga huo huelea majini usizame upesi. Wakaiona Aoraki, ambayo ramani huandika pia Mount Cook, mlima mrefu kuliko yote ya nchi ile, mita 3,724. Wakashuka kusini, wakapita katika handaki la Homer lililochimbwa ndani ya jabali, wakatokea Milford Sound, mkono wa bahari uliobanwa na kuta za mawe, mahali panyeshapo zaidi ya milimita 6,000 za mvua kwa mwaka, hata maporomoko ya maji huzaliwa kwa saa chache na kufa. Kisha wakapanda tena kaskazini kwa njia ya Haast, wakaifuata pwani ya magharibi hadi penye mito ya barafu. Katika safari yote hiyo, waandika, hawakumwomba mtu kitu. Walinunua petroli, walinunua vyakula, walilipa palipotakiwa malipo, hawakuacha taka mahali popote. Walijivunia jambo hilo, nasi hatuwalaumu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika kijiji kimoja cha pwani ile mvua iliwafungia njia, wakakaa siku mbili kando ya barabara. Jioni ya pili mama mmoja mzee wa nyumba ya jirani alikuja na mwavuli, mkononi ana sahani iliyofunikwa kitambaa. Akagonga dirisha, akawauliza kama wangependa kuingia ndani kwake, kwani usiku ungekuwa wa baridi. Mume akafungua dirisha kidogo, mvua isiingie, akamjibu kwa adabu zote: "Ahsante sana, tuna kila kitu." Mama akasema vema, akageuka, akarudi na sahani yake. Asubuhi njia ilifunguliwa, nao wakaenda zao.

Basi, ni nini kilichokosewa hapo? Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeibiwa. Tulipoisoma barua hii katika chumba cha walimu, mwenzetu wa Hesabu alisema kwamba hakioni kosa lolote: mgeni asiyekula ameokoa chakula cha watoto. Maneno hayo yasidharauliwe. Sisi tuliokulia katika nyumba za akina mama waliokopa unga usiku ili mgeni asijue kuwa hakuna unga, twajua ukarimu una gharama yake, na gharama hiyo aghalabu hulipwa na mtu asiyeketi mezani. Ajaye na chakula chake huenda akawa na huruma kuliko ajaye mikono mitupu.

Isitoshe, nchi yenyewe imeamua kwa sheria kwamba inamtaka mgeni wa namna hiyo. Mwaka 2019 Nyuzilandi ilipokea wageni takriban milioni 3.9, hali wenyeji wenyewe ni kama milioni 5. Ni mama gani mwenye sahani za kutosha? Wengi walilala ndani ya magari kando ya maziwa na fukwe, na waliokosa choo walijisaidia vichakani, wenyeji wakachoka. Sheria ya mwaka 2011 ilizipa halmashauri uwezo wa kusema ni wapi mtu asilale, na sheria ya mwaka 2023 ikakaza kamba: atakaye kulala katika viwanja vya halmashauri vilivyotengwa kwa magari yanayojitosheleza, basi choo cha gari lake sharti kiwe kimefungwa humo, kile cha kubebeka hakitoshi tena. Tangu Oktoba 2024 wageni wengi wa kutoka ng'ambo hutozwa pia dola 100 za huko waingiapo, fedha ambazo zapaswa kusaidia kutunza nchi na kuhudumia wageni. Twaona haki katika haya yote. Mtu asiyeweza kumkaribisha kila apitaye anayo haki ya kudai, angalau, kwamba apitaye asimchafulie.

Lakini tazameni kipimo cha huko kujitosheleza. Gari huhesabiwa kuwa latosha iwapo waliomo waweza kukaa siku tatu bila kuchota maji wala kumwaga taka, na kwa kila mtu huwekwa lita 4 za maji kwa siku. Siku tatu! Wazee wetu nao walihesabu siku hizo hizo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na, tuseme kweli, twaifundisha vibaya. Twawaambia wanafunzi kwamba ni onyo kwa mgeni mvivu, wao wakacheka, tukaendelea na methali nyingine. Hatuwaambii kwamba jembe ni heshima. Kwa siku mbili umekuwa mtu wa kukaliwa mkekani na kuulizwa habari za njiani. Siku ya tatu wapewa jembe kwa sababu umekuwa wa nyumba hii, shamba hili lakuhusu, ukilima vibaya utasemwa kama wenzio. Yule ajitosheleaye kwa siku tatu, siku ya tatu hamwoni mtu wa kumpa jembe. Hiyo ndiyo siku ya kutafuta mahali pa kumwagia tangi.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya amani ya kudumu cha mwaka 1795, aliligusa jambo hili kwa makini. Alisema kwamba dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, hivyo hawana budi kuvumiliana. Kwa hiyo kila mtu ana haki ya kuzuru nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, maadamu amekuja kwa amani. Ila akaongeza kwamba haki ya kuzuru siyo haki ya kuwa mgeni wa nyumbani. Hiyo yahitaji mapatano ya pekee, ya hisani. Wajerumani wana maneno mawili kwa watu hao wawili. Sisi tuna moja. Mgeni ni yule tusiyemjua, na mgeni ni yule aliyeketi kwetu akila. Wapo wasemao huu ni umaskini wa msamiati. Sisi twaona vingine: lugha yetu haikutenganisha majina kwa sababu haikutarajia mtu abaki katika maana ya kwanza. Neno lenyewe lamsukuma kuelekea mlangoni. Rafiki zetu waliitumia haki ya Kant kwa ukamilifu, wala hakuna awezaye kuwashtaki. Walikuwa wageni kwa maana ya kwanza, majuma matatu mfululizo. Maana ya pili ilikuja ikagonga dirisha, nao hawakuifungulia.

Hapa mwenzetu wa Hesabu aliuliza: je, kuna wajibu wa kupokea? Wajibu wa kutoa twaujua. Kuomba ni fadhila ya mwombwaji. Lakini mtu ambaye hataki, aweza kulaumiwa kwa kukataa sahani?

Swali zito. Jibu letu laanza na lile handaki la Homer. Kazi yake ilianza mwaka 1935, wakati wa dhiki ya ajira, kwa wanaume wachache wenye sururu na mikokoteni. Wengine waliuawa na maporomoko ya theluji. Magari ya watu wote hayakuruhusiwa kupita hadi mwaka 1954. Urefu wake ni kilometa 1.2, yaani dakika chache kwa gari. Rafiki zetu walipita humo wakiwa na kila kitu. Kumbe kabla hawajaona tone la maji ya Milford walikuwa wamekwisha kupokea miaka 19 ya mikono ya watu wasiowajua. Wala handaki si pekee. Asemaye "tuna kila kitu" juu ya barabara ya watu amekosea hesabu, na kosa hilo si la adabu tu, ni la ukweli. Mtu hachagui kati ya kupokea na kutopokea. Achagua tu kama atamtazama usoni ampaye.

Nao Wamaori, wenye nchi wa kwanza, wamelitia jambo hili katika lugha. Mwenyeji kwao ni tangata whenua, mtu wa ardhi, na neno hilo whenua ni ardhi, na pia ni kondo la nyuma, ambalo kwa desturi yao huzikwa katika ardhi ya ukoo. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Sisi pia husema mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Mlima Aoraki wenyewe, katika masimulizi ya kabila la Ngāi Tahu, ni mgeni aliyekuja na chombo chake. Aoraki na nduguze, wana wa Raki aliye mbingu, walishuka kwa mtumbwi kuizuru dunia. Walipotaka kurudi, dua haikufaulu, mtumbwi ukakwama na kuinama upande, nao wakapanda upande wa juu wakageuka mawe. Mtumbwi ndio Kisiwa cha Kusini, na wasafiri ndio milima. Ngāi Tahu huwaomba wapandao wasikanyage kilele chenyewe, kwa kuwa ni kichwa cha babu yao. Na sheria ya mwaka 1998, iliyomaliza madai ya kabila hilo juu ya ardhi waliyonyang'anywa, ilipanga jambo la ajabu: kwamba hati ya mlima ipewe Ngāi Tahu, nao baada ya siku saba wautoe kuwa zawadi kwa taifa zima. Tumelitafakari sana hili. Waliodhulumiwa hawakutaka mlima tu warudishiwe. Walitaka wawe ndio watoao, kwani mtu aliyenyimwa nafasi ya kutoa amenyimwa uenyeji wake.

Kwa hiyo twarudi kwa mama mwenye mwavuli. Hatujui kama alikuwa Mmaori au wa kizazi cha walowezi, wala haidhuru. Wamepita mbele ya dirisha lake maelfu wenye kila kitu. Jioni ile alikuwa na neno moja la kusema, kwamba hapa ni kwangu, na hakuwa na njia ya kulisema ila kwa kutoa. Rafiki zetu, kwa kutotaka kumsumbua, walimwambia pasipo kujua kwamba hapa si kwa mtu. Hatusemi ni dhambi. Twasema ni kosa, na wao wenyewe waliliona kabla yetu, la sivyo wasingelitumia ukurasa wa tano. Wakati walipokuwa Kigezi walikula katika kila nyumba ya mtaa wetu, hata zile ambazo sisi wenyewe tuliona aibu kuwapeleka.

Barua ile ilikaa mezani petu muda, maana hatukujua tuwajibu nini bila kuonekana kuwafundisha. Mwishowe tuliwaandikia salamu, tukawapa habari za shule na za mvua ya huku, tukauliza jambo moja tu: katika ile sahani mlikuwa na nini?

Jibu lilifika baada ya mwezi. Mke ndiye aliyeandika. Hawajui, alisema, ilikuwa imefunikwa.