NANI ALICHUKUA SAUTI YAKO?



Mwaka 1989 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa katuni ya watoto iitwayo The Little Mermaid, habari za binti nguva, jina lake Ariel. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ikaitoa upya, safari hii kwa watu wa kweli: Halle Bailey akawa Ariel, Melissa McCarthy akawa Ursula, mchawi wa baharini. Mkia wa samaki wakautengeneza kwa kompyuta. Mchoro ukavaa mwili!

Utasema, "Aa, si hadithi tu?" Sawa, ni hadithi. Lakini ngoja kidogo, maana ndani yake kuna jambo linalokuhusu.

Binti yule alitaka miguu ili aishi nchi kavu na kumpata mwana wa mfalme. Akaenda kwa nani? Kwa mchawi! Bei ikawa sauti yake. Tena akapewa siku tatu: jua la siku ya tatu likizama hajapata busu la upendo wa kweli, anakuwa mali ya mchawi. Katika katuni alitia sahihi kwenye hati. Katika filamu mpya alitoa gamba la mwili wake. Halafu mchawi akaongeza hila ambayo katuni haikuwa nayo: akamsahaulisha lile sharti la busu! Jua linazama, na binti hajui hata anachodaiwa.

Ndugu yangu, hivyo ndivyo Shetani anavyofanya biashara! Anakuonyesha miguu, deni anakuficha. Ulikwenda kwa mganga kutafuta kazi, mume, mtoto. Ukachanjwa chale, ukafungwa hirizi, ukaambiwa usimwambie mtu. Wewe umesahau, yeye hajasahau. Zamani uliomba mpaka usiku wa manane. Leo ukipiga magoti, maneno hayatoki. Nani alichukua sauti yako?

Sasa sikia. Katika katuni ile, baba yake Ariel, mfalme wa bahari, aliipiga hati kwa nguvu zake zote, isichanike. Ikabidi achukue mwenyewe nafasi ya binti yake, akawa mfungwa, na mchawi akatwaa taji. Na mwisho wa filamu mpya, binti ndiye anayeshika usukani wa meli na kumwua mchawi. Hapo usidanganyike! Mwenye deni la dhambi hajikomboi.

Lakini yuko Baba aliyemtoa Mwanawe (Yohana 3:16). Yesu hakuigiza mwili, aliuchukua kweli (Yohana 1:14). Misumari ile haikuchorwa. Damu ile haikutoka kwenye kompyuta! Hati yako ilipigiliwa msalabani (Wakolosai 2:14), na siku ya tatu, ambayo kwa binti yule ilikuwa siku ya kudaiwa, kwa Yesu ikawa siku ya USHINDI. Agano lako na mauti linavunjika leo (Isaya 28:18)!

Jua halijazama bado. Fungua kinywa, sema kwa sauti:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeingia maagano nisiyoyajua mwisho wake. Nayakataa yote. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, nirudishie sauti yangu. Kuanzia leo mimi ni mali yako. Amina."

Kama umeomba kwa imani, umeokoka! Hirizi ichome moto leoleo, usingoje kesho. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu. Na jioni, watoto wakiwa mbele ya televisheni, kaa nao, uwaambie ni nani aliyewalipia deni.

YESU ANAOKOA!