Ujira wa Mwenye Kumtafutia Mtu Kazi

Katika nchi ya Shinyanga na Geita almasi na dhahabu zimo ardhini, na juu yake wamo vijana wengi wenye kutaka kazi. Mgodi wa Mwadui ulianza mwaka 1940, wa Geita 2000, wa Bulyanhulu 2001. Na ule wa Buzwagi, ulioanza 2009, ulikoma 2021, watu wake wakarudi barabarani na vyeti vyao mikononi. Baina ya kijana na lango la mgodi husimama mtu wa tatu, asemaye: "Lete kitu kidogo, jina lako litafika." Kijana huuza mbuzi, au baba yake huuza ng'ombe. Basi mali hii ni ujira wa halali, au ni rishwa?

Yapasa kupambanua. Mwenye kutembea Kahama hata Geita akauliza, akampata atakaye fundi, akamkutanisha na fundi, huyo amefanya kazi, na kazi ina ujira. Mafakihi wa Kishafii huiita juala: mtu huahidiwa kitu kwa jambo atakalolitimiza, wala hakistahiki mpaka litimie. Ama wale watakao pesa ya fomu kwa simu, na kazi yenyewe haijaonekana, hao si madalali. Ni wezi tu.

Lakini aliyeaminiwa kuchagua watu, naye apokea mshahara kwa kuchagua huko, hana cha kuuza. Akipokea ng'ombe amemdhulumu mwajiri aliyetaka mwenye kuweza, na amemdhulumu kijana mwengine asiyekuwa na mbuzi wa kuuza. Na huyu ndiye asahauliwaye, kwani hapana ajuaye jina lake.

Na mwenye kutoa? Wanavyuoni wengi wamemruhusu mtu kutoa mali ili aipate haki yake iliyozuiliwa, dhambi ikawa ya mpokeaji. Vijana hulishika neno hili. Lakini kazi ambayo hajapewa mtu bado si haki ya mmoja wao. Aliyekwisha kukubaliwa akazuiliwa barua yake ana udhuru. Ama anunuaye kutangulizwa mbele ya mwenziwe, hana. Neno hili ni zito kwa mwenye njaa.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ikawatafuta watu bara na kuwapeleka mashambani kwa gharama ya wenye mashamba. Maisha ya manamba yalikuwa ya taabu na ujira haba, lakini katika jambo hili moja utaratibu ule ulikuwa sawa: atakaye mikono ndiye alipaye kutafutiwa. Mapatano ya Shirika la Kazi Ulimwenguni ya mwaka 1997 nayo, isipokuwa kwa hali chache, yamewakataza mawakala kumtoza mtafuta kazi.

Binti aliyemsemea Nabii Musa kwa baba yake alitaja nguvu na uaminifu, wala hakutaka kitu kwa Musa. Misikiti ya Kahama na Geita ina kuta. Ubao mmoja ukutani wa kuandikwa kila Ijumaa nani ataka fundi, na nani ni fundi, hauna gharama kubwa.