Njia Nyepesi ya Mto Karura

Njia inayofuata Mto Karura, ndani ya msitu wenye jina hilo hapa Nairobi, haimdai mtu nguvu. Ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na nyayo, na sehemu kubwa yake ni tambarare. Mtoto aliyeanza kutembea juzi huifuata akishikwa mkono. Penye njia panda pana nguzo yenye namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei kwa muda mrefu.

Magoti ya mama yangu yamechoka. Vilima vya Ngong alivyovipanda ujanani sasa huvitazama kwa mbali. Lakini hapa Karura hutembea, akapumzika, akaendelea. Akifika kwenye ngazi za kushukia kwenye maporomoko ya mto, hukaa juu akasikiliza maji huku sisi tukishuka. Tumezoea kuwasifu wanaofika vileleni, nao wanastahili. Ila jiji linalowajali watu wake lazima liwe na mahali ambapo mama kama huyu anaweza kutembea chini ya miti bila kumwomba mtu ambebe.

Uzuri wa njia nyepesi ni kwamba unairudia, na ukiirudia mwaka mzima unaijua. Wakati wa masika mto huwa na rangi ya chai ya maziwa, na ngurumo ya maporomoko hukufikia kabla hujayaona. Matope hushika viatu. Siafu huvuka njia kwa misafara mirefu, basi tazama unapokanyaga! Julai ni baridi na ukungu. Mbega, waliorudishwa msituni humu katika miaka ya karibuni, hukaa juu kabisa wakingoja jua. Vuli ikinyesha, mianzi ya kando ya mto huchipua upya na vumbi lote huoshwa majanini. Katikati ya hayo yote husimama mihugu, miti ambayo wachongaji wa vinyago wameifyeka kwingi nchini kwa sababu ya ugumu wa mbao zake. Hapa bado ipo, na kila nipitapo huigusa.

Kisha huja kiangazi cha Januari na Februari, msimu ambao wengi hawausifu. Mimi nauheshimu kuliko yote. Maji yakipungua, mto hauna pa kuficha kitu. Chupa za plastiki zilizopita na mafuriko hubaki zimekwama mizizini. Siku nyingine povu hukusanyika chini ya maporomoko, na harufu ya maji taka hupanda hadi njiani. Aliyekuja mara moja tu, mwezi wa Mei, ataapa kwamba mto huu hauna taka.

Ilikuwa Januari pia, tarehe 8 mwaka 1999, mwanamazingira Wangari Maathai alipofika kwenye lango la msitu huu na wenzake kupanda mti. Karura ilikuwa hifadhi tangu 1932, lakini vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Walinzi waliokodishwa wakawashambulia. Alipigwa kichwani, akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Msitu ukabaki, hekta zake zipatazo 1,000. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi, watu waliogopa kuingia humu kwa sababu ya wahalifu, mpaka Shirika la Huduma za Misitu na wakazi waliojiita Marafiki wa Msitu wa Karura walipoweka uzio na kufungua njia. Kwa hiyo wepesi huu anaoufurahia mama yangu uligharimu. Nikiona vijana wakipiga picha kwenye maporomoko bila kulijua jina la Maathai, huumia kidogo. Nadhani wazazi na walimu tunapaswa kuwasimulia papo hapo, wakiwa wamesimama kwenye ardhi yenyewe.

Uzio, hata hivyo, hauzuii maji. Mnyakuzi wa ardhi alikuja na hati na mabati, akaonekana. Uchafu huja kimya kutoka juu, upande wa Kiambu, ambako nyumba za kupangisha zimeongezeka kuliko mabomba ya maji taka. Sisi wapenzi wa njia hii tumejifunza kulinda miti, na bado hatujajifunza kupanda juu, kugonga milango na kudai kila jengo jipya lionyeshe maji yake machafu yanakwenda wapi kabla halijapata kibali. Kazi hiyo haina picha nzuri. Lakini maji haya hayaishii Karura: huingia Mto Athi, yakapita ukame wa Ukambani ambako watu huyateka, yakawa Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Kiangazi hiki, kabla mvua hazijaficha tena ushahidi, nataka wanaotembea nami Jumamosi wafuate mto kwa upande wa pili, kuelekea unakotoka, wakiwa na daftari mkononi.