Saa Ambazo Si Zetu

Kabla sijasema lolote kuhusu tamasha, wacha nikiri: ile picha ni mimi niliipiga.

Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye kikundi cha WhatsApp, wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, na mmoja wa Embu ambaye huandika tu usiku wa manane. Ugonjwa wetu ni mmoja, saa za mkono. Sisemi zile zinazokuhesabia hatua na kukuambia ulale. Nasema saa za kamani, za kutia ufunguo au zinazojaa zenyewe ukitembea. Wengi wetu tunavaa Seiko 5 za mitumba tulizonunua kwa bei ya viatu. Mwaka jana mtu akasema, si tufanye tamasha? Siku moja tu, Jumamosi, Nyeri mjini. Tualike mafundi wa saa wa miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, wapenzi wa saa waje kutoka Nairobi, kuwe na muziki, nyama choma, na meza za kuuza na kubadilishana.

Wa Embu akauliza kama ni adabu kufanya sherehe ya saa katika nchi hii, wakati huu. Swali lake halikuwa la kipuzi. Wakenya tuna mchezo wetu wa kukuza picha za mikono ya wanasiasa na kukisia bei ya kilichofungwa pale. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani, Nyeri ikiwemo, hasira haikuwa ya kodi peke yake. Ilikuwa pia ya watu waliojivika mamilioni mkononi halafu wakatuambia tukaze mshipi. Tukakubaliana kwamba letu litakuwa tamasha la kazi ya mikono, si la bei. Heshima iende kwa fundi. Tuliandika hivyo kabisa, kwa herufi kubwa.

Ulaya kuna watu wanaoitwa watengenezaji huru wa saa. Mwaka 1985 Svend Andersen na Vincent Calabrese walianzisha chama chao, na wanachama wake huunda saa wenyewe bila kuajiriwa na kampuni kubwa. Anayetajwa zaidi katika ulimwengu huo ni Mwingereza George Daniels, aliyeweza kutengeneza karibu kila kipande cha saa kwa mikono yake, na ambaye leo saa zake huuzwa mnadani kwa pesa za kununua shamba la chai. Kitu kinachonivutia kwake ni mwanzo wake: alikuwa fundi wa kurekebisha. Alipokuwa jeshini aliwatengenezea wenzake saa zao ili apate hela kidogo. Yaani kati ya Daniels na mzee anayekaa kwenye veranda ya duka Nyeri, lenzi jichoni na kibano mkononi, mwanzo haukutofautiana sana. Tofauti iko kwenye kilichofuata. Ilitegemea nani alipata mtaji, nani aliuziwa vipuri, na nani alikuwa na mteja wa kumsubiri miaka miwili. Neno "huru" kule ni la mtu aliyekataa ajira. Hapa ni la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwajiri.

Basi nikatumwa kumwalika Guka.

Si babu yangu wa damu, lakini kila mtu humwita hivyo. Meza yake ni sanduku la mbao lenye kioo, upana wa mkono mmoja. Juu yake ukutani ametundika saa kubwa ambayo wageni hudhani imeharibika, kwa sababu jua likiwa la saa tatu asubuhi, mshale mfupi uko kwenye tatu. Sisi wengine wote huishi na ule uongo tuliouzoea: uso wa saa unasema tisa, mdomo unasema tatu, na hakuna anayeshtuka. Kikuyu nacho huhesabu vivyo hivyo, kuanzia macheo. Ukiishi chini ya mlima huu hesabu hiyo ina akili. Nanyuki iko juu kabisa ya mstari wa ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza karibu wakati uleule. Serikali ya kikoloni ndiyo haikutulia: katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita saa rasmi ya Kenya ilibadilishwa mara kadhaa, ikawa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, baadaye mbili na dakika arobaini na tano, hadi ikakaa kwenye tatu. Guka hajali hayo. Saa yake ya ukutani, ananiambia, ndiyo pekee pale mjini inayosema Kiswahili.

Nikamweleza tamasha. Akasikiliza huku akifuta bisibisi. Kisha akauliza swali moja, "Jumamosi hiyo nani atakaa hapa?"

Sikuwa nimefikiria. Jumamosi ndiyo siku watu wa vijijini hushuka mjini. Ndiyo siku yake ya betri na mikanda, na ukweli ni kwamba betri na mikanda ndivyo vinavyomlisha. Tangu Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, Desemba 1969, kazi ya fundi wa kamani imekuwa ikipungua, na simu ikaja kuimalizia. Sisi tulikuwa tunamwomba afunge siku yake bora ili tumsherehekee. Kwenye bajeti yetu (niliiandaa mimi, kwa hivyo sina wa kulaumu) mlikuwa na hema, spika, DJ, mpiga picha, na vyeti vya kuchapishwa. Kwa mafundi tulikuwa tumeandika: chakula cha mchana. Mwenzangu mmoja alipoulizwa kuhusu hilo alijibu kwamba tunawapa jukwaa. Jukwaa halinunui unga, Embu akajibu, saa nane usiku.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ni rahisi kulirekebisha: unamlipa mtu siku yake. Kosa la pili ndilo lisiloniacha nilale.

Chini ya sanduku lake Guka ana mkebe wa biskuti. Ndani mna saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zilikuwa kumi na moja nilipozihesabu, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina, mwezi na deni. Kila Jumatatu hufungua mkebe akazitia ufunguo moja baada ya nyingine, ili mafuta yasigande. Fikiria hilo: mtu mwenye haraka ya kutafuta mia tatu za betri anatumia nusu saa ya asubuhi kuendesha saa za watu waliopotea. Kenya ina sheria kabisa kuhusu mali iliyoachwa kwa fundi. Akitimiza masharti, kama kutoa notisi, anaweza kuiuza. Nilimtajia. Akasema anajua, lakini yeye hajawahi kuuza kitu kisicho chake.

Rafiki yangu aliposikia habari za mkebe, macho yalimwaka. Hizo ndizo tuziweke meza ya kwanza, alisema, kila moja na hadithi yake! Guka alikataa kwa maneno mawili, "Siyo zangu." Tungeishia hapo. Lakini nilikuwa na simu, yeye alikuwa ameinama akitafuta skrubu sakafuni, na mkebe ulikuwa wazi. Nikapiga picha moja. Mwanga ulikuwa mzuri, mwanga ule wa Nyeri baada ya ukungu kuondoka. Jioni tukaiweka kwenye bango na maneno haya: "Hazina zilizosahaulika za Nyeri."

Siku nne baadaye mama mmoja akafika verandani kutoka Karatina, ameandamana na kaka yake. Alikuwa ameitambua saa ya baba yao kwa mkanda wake, ambao baba alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi wa buluu. Mzee alifariki 2013. Baada ya mazishi saa ilitafutwa nyumba nzima ikakosekana, na lawama ikamwangukia kifungua mimba. Tangu wakati huo anaishi Nanyuki na hajarudi nyumbani hata Krismasi moja. Mama yule aliongea kwa sauti ambayo watu wa stendi walisikia. Aliuliza ni mwizi gani huyu anakaa na mali ya marehemu miaka yote hii halafu anaiweka kwenye matangazo.

Guka hakubishana. Alitoa daftari, akalifungua ukurasa wa 2011, akaonyesha jina la mzee, aina ya ubovu, na deni: shilingi mia tatu na hamsini. Mama alisoma. Kaka yake alisoma. Wakalipa mia tatu na hamsini. Walitaka kuongeza, akarudisha. Saa ilikuwa inatembea.

Jioni ile kikundi kizima kilinipongeza. Picha yako imeponya familia! Rafiki yangu akasema hii ndiyo hadithi ya kufungulia tamasha. Mimi nilitaka sana kuamini hivyo. Jambo jema limetokea, ndugu aliyesingiziwa amesafishwa, saa imefika nyumbani. Nani amepoteza?

Lakini kila nikiipima hesabu hiyo, inakataa. Nilipopiga picha sikujua lolote kuhusu mkanda wa uzi wa buluu. Nilitaka bango zuri. Wema uliotokea ulidandia kosa langu kama abiria anavyodandia gari lisilo lake, na mimi siwezi kudai nauli. Kama badala yake angekuja mtu mwongo, akasema saa ya tano ni ya mjomba wake, bado ningekuwa nimefanya kitendo kilekile, na leo ningekuwa najificha. Kitendo hakibadiliki kwa sababu kete imeangukia upande mzuri. Tena si kweli kwamba hakuna aliyepoteza. Wapo watu stendi ambao walisikia neno "mwizi" lakini hawakungoja kuona daftari.

Hata hivyo kuna upande ambao sipendi kuuruka. Guka alikuwa na jina. Alikuwa na mwezi na mwaka. Karatina si mbali, ni safari ya matatu tu. Je, amana ni kuitunza mali hadi mwenyewe arudi, au ni kumtafuta? Kwa miaka mingi alitia ufunguo saa ambayo kukosekana kwake kulikuwa kunavunja nyumba ya watu, na yeye alijiona mwaminifu. Uaminifu unaokaa umefumba macho ni nusu ya uaminifu, nilijiambia, nikafurahi kidogo kwamba si mimi peke yangu mwenye kosa. Nikaenda kumuuliza. Niliuliza kwa adabu, lakini nilikuwa natafuta mwenzangu wa kushtakiwa naye.

Alichukua muda kujibu. "Mtu akiacha saa ana sababu," alisema. "Wengi hawana hiyo pesa. Nikimfuata hadi kwake nimebeba saa, nimempelekea deni mbele ya watoto wake."

Nimelizungusha jibu hilo miezi sasa. Silikubali lote. Mtu aliyekufa hana tena aibu ya kulindwa, na kulikuwa na njia za kimyakimya za kuuliza. Lakini linanionyesha nilichokifanya kwa jina lake halisi. Mimi niliona vitu vilivyosahaulika. Yeye aliona watu kumi na mmoja waliokwama, kila mmoja na mia tatu au mia tano zilizomshinda, na akawawekea siri yao ndani ya mkebe. Neno "zilizosahaulika" kwenye bango lilikuwa uongo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amezisahau, yeye kila Jumatatu, wao pengine kila walipotazama mkono mtupu.

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, kwa namna ambayo sikujua kama ni sawa. Kisha akanipa sharti la kuja kwenye tamasha, ambalo sikulitarajia. Atakuja tukimlipa siku yake, hilo tayari. Lakini hataki kukaa atazamwe. "Anayetaka kuniona aje na saa iliyokufa." Kwanza nilidhani ni mzaha wa mzee. Baadaye nilielewa kwamba ameeleza tamasha kuliko sisi tulivyoweza kwa kurasa tatu za bajeti: watu wapange foleni na saa za baba zao, mafundi wafanye kazi, pesa ibadilishe mikono, na muziki upigwe chini-chini ili mtu asikie mlio wa gurudumu la mizani.

Vyeti tumeviondoa. DJ bado tunamgombania. Wengine wanataka bustani ya hoteli, wengine tunataka mafundi wabaki kwenye veranda zao na wageni ndio watembee. Kikundi kimefika watu kumi na sita, na mmoja wa wapya ni yule mama wa Karatina. Juzi aliandika kwamba anaomba meza moja tu, ya saa zisizochukuliwa, ili wenyewe wazione. Anasema anajua kinachotokea ndani ya nyumba kitu kikipotea. Nilimpelekea Guka ombi hilo. Alisema hapana. Sina haki ya kupiga kura juu ya jambo hili, na kila siku mtu huniuliza napiga wapi.

Bango nililifuta usiku uleule, lakini lilikuwa limeshasambazwa. Wiki iliyopita namba nisiyoijua kutoka Thika iliniandikia: ile ya tatu kutoka kushoto, bei gani?