Majina Juu ya Mawe Katika Mji wa Iringa

Wageni wengi wafikao Iringa nia yao ni kwenda Ruaha kutazama tembo na simba. Lakini wapo wakaao mjini siku moja, wakatembezwa kwa miguu na kijana mwenyeji. Huoneshwa Boma, nyumba ya kale iliyojengwa na Wajerumani, ambayo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Hupita sokoni penye vikapu vya Iringa, kisha husimama mbele ya mnara wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Huitazama saa iliyo juu ya jengo la ibada la Waismailia. Mwisho hufika kwenye makaburi ya vita, ambayo mawe yake yamepangwa kwa safu na kutunzwa vizuri.

Matembezi haya ni mema, wala hatuna neno la kuyapinga. Ila yanatuletea swali ambalo yatupasa kulifikiri: Je, mtu atazamaye mawe ya wafu anawiwa neno na wafu wasio na jiwe?

Na tuanze na jambo lenyewe. Katika vita vya 1914 hata 1918 jeshi la Waingereza lilitoka Nyasa, likapita Tukuyu na Njombe, likaingia Iringa mwezi wa Agosti 1916. Mji wa Mbeya ulikuwa haujazaliwa bado, lakini watu wa nchi zile waliuona msafara huo. Reli hapakuwa nayo, na mbung'o waliwaua farasi na punda. Kwa hiyo gunia la unga na sanduku la risasi vilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Majeshi yote mawili, la Waingereza na la Wajerumani, yaliwachukua wapagazi kutoka vijijini, wengi wao pasipo hiari. Wakafa kwa makumi ya maelfu, si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Walizikwa kando ya njia, au hawakuzikwa.

Aliyeanguka akiwa na cheo alipata jiwe lenye jina lake. Mpagazi aliyemchukulia chakula hakupata. Baadhi ya wakubwa wa nyakati zile walidhani kwamba Mwafrika hajui thamani ya jiwe la kaburi. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Wako watakaosema, "Wafu hawasikii. Tena wazee wetu hawakuhitaji mawe. Jina la babu alipewa mjukuu, likaendelea kuitwa nyumbani." Neno hili lina kweli ndani yake. Lakini desturi hiyo yataka habari ya kifo ifike nyumbani kwanza. Yule aliyekufa mbali, na mwenzake aliyejua kijiji chake akafa kesho yake, ni nani aliyepeleka habari? Mama alingoja, akazeeka akingoja. Basi mtu huyo alikosa jiwe la wageni, akakosa na ukumbusho wa kwao.

Wengine watasema, "Mgeni amekuja kupumzika, kwa nini tumtwike huzuni?" Twajibu kwamba hatumtwiki huzuni, twamwambia kweli. Mtu akioneshwa mawe yale tu, ataondoka akisadiki kwamba hao ndio waliokufa. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo amedanganyika. Wala hatusemi kwamba askari aliyelala chini ya jiwe apunguziwe heshima yake. Naye alikuwa mtoto wa mtu. Twataka heshima ile ile iwafikie na wenzake.

Na tuangalie Kalenga, karibu na mji. Fuvu la kichwa la Mtwa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, lilitajwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa mwaka 1954, na sasa limo katika makumbusho ya pale. Ni haki. Lakini mfalme hukumbukwa na mataifa, na maskini atakumbukwa na nani, kama si na jirani?

Hivyo jibu letu ni hili: atazamaye anawiwa, na amwoneshaye anawiwa zaidi. Deni lenyewe si kubwa. Kijana aongozaye wageni na asimame makaburini, aseme maneno machache juu ya wapagazi. Mgeni naye aulize, "Na wengine wako wapi?" Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, maana swali la mgeni laweza kumpeleka mwenyeji kwa bibi yake kuuliza habari asizoziuliza kamwe. Na walimu wa sharika, ambao kazi yao ni kuandika majina ya watoto wabatizwao na ya wafu wazikwao, wanajua kuliko wengi kwamba jina lisiloandikwa halikai. Kama yuko mzee kijijini akumbukaye babu aliyekwenda na mizigo asirudi, jina lake na liandikwe mwaka huu, mzee angali hai.