Maji ya Kuosha Udongo

Wengi wetu hapa mjini Morogoro tunapanda maua barazani, katika vyungu na makopo. Majani yanapogeuka manjano, wazo la kwanza ni kwamba mmea una njaa, basi tunauongezea mbolea. Lakini mara nyingine majani huzidi kunyauka, ncha zake hukauka, na juu ya udongo hutanda ukoko mweupe. Ukoko huo ni chumvi. Mbolea ya chumvichumvi, kama jina lake linavyotuambia, huacha mabaki, na maji ya kisima huleta ya kwake. Chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kufyonza maji, na mmea huona kiu ilhali udongo umelowa.

Dawa yake ni kuondoa, wala si kuongeza. Kwanza tuhakikishe chungu kina tundu chini, maana bila tundu mizizi itaoza. Kisha tumimine maji safi polepole, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, yapite na kutoka. Yanayotuama kwenye kisahani tuyamwage, yasifyonzwe tena. Mbolea tuiache kwa majuma kadhaa. Majani yaliyokwisha kuharibika hayaponi, tutazame yanayochipua.

Mbona milimani hakuna anayefanya kazi hiyo? Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huko, katika kivuli penye miamba yenye unyevu, humea ua dogo la jamii ambayo wataalamu waliiita Saintpaulia. Ndugu yake wa Usambara alipelekwa Ujerumani mwaka 1892, na leo jamii hiyo hupandwa vyunguni katika nchi nyingi. Mlimani mvua huosha udongo wake, na maji hushuka hadi Mto Ruvu. Ndani ya nyumba hakuna mvua. Aliyeuhamisha mmea amejitwika na kazi ya mvua.

Hapo ndipo linapotujia swali: je, kumpa mtu vitu vingi ndiko kumpenda? Tuseme mtoto wa ndugu ameletwa mjini kutoka Mgeta ili asome. Tunamlisha, tunamvika, tunamnunulia madaftari. Ni mema kweli. Lakini kila jema likihesabiwa na kukumbushwa, "Ungekuwa wapi bila sisi?", huacha mabaki moyoni mwake. Wazee waliyaita masimango. Mtoto hukonda penye chakula. Nasi tukimwona amenyong'onyea tunamnunulia shati jingine, kisha na hilo tunalihesabu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto asiyekumbushwa atakosa shukrani. Ni kweli shukrani sharti ifundishwe. Lakini mtoto huipata kwa kutuona sisi wenyewe tukimshukuru Mungu, na tukiwashukuru watu, hata yeye mwenyewe anapoteka maji. Masimango hufundisha deni, na mdeni humkwepa anayemdai.

Katika mfano wa mtini, Luka sura ya 13, mtunza shamba hakutegemea samadi peke yake. Aliomba mwaka mmoja zaidi, apate pia kuchimba kuuzunguka mti. Nasi tunaolea watoto wa wenzetu twahitaji subira hiyo. Kuosha masimango ni kumwambia mtoto waziwazi kwamba hatumdai, kisha kunyamaza. Tukirudia maneno yale siku ya hasira, tumemnywesha tena maji ya kisahani. Wahenga walisema, tenda wema uende zako.

Basi juma hili, kabla ya kumwongezea kitu yule tunayemlea, tumwulize kwa upole kama liko neno letu linalomlemea. Akilitaja, tusijitetee. Tusitazamie kumwona amechangamka kesho yake, maana hata jani jipya huchukua siku zake. Mungu atujalie subira hiyo. Amina.